Makunyanzi

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hutudanganya sisi tunaovuna mahindi mchana kutwa. Jua bado linachoma, nalo huikunja ngozi ya uso mapema.

Binti yangu aliniletea kopo la krimu lisiloandikwa kilichomo. "Mama, utarudi usichana!" Sikulifungua. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, nayo hudhuru figo.

Mimi navaa kofia pana ya ukindu, na usiku najipaka mafuta ya kulainisha ngozi. Makunyanzi hayajafutika, ila uso haukakamai tena. Yale mawili kando ya midomo ni ya marehemu mama yangu. Hayo siyatafutii dawa.