Wosia kwa Wajukuu Wangu wa Homa Bay

Wajukuu wangu,

Nguvu zinaniishia, na kuna jambo la ndugu yenu mdogo sitaki nife nalo moyoni.

Selimundu si laana wala si kurogwa. Huku kwetu, Migori hadi Homa Bay, malaria ndiyo iliyoilea. Aliyerithi mundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, akakua, akaoa. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Huyu wetu mmemwona usiku: macho ya manjano, anauma shuka, hataki mtu amguse mguu.

Tangu 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma inawapandikiza uboho watoto kama yeye. Zamu yake ikifika, ulizeni seli mama za damu, hizo zinazopandikizwa, zitatoka wapi.

Zikitoka kwenye damu ya mshipani, mtoaji hudungwa dawa siku kadhaa, kisha mashine huzichuja. Hushika upesi, lakini huja na seli nyingi za kinga, ambazo huweza kuishambulia ngozi, ini na matumbo ya mpokeaji kwa miaka. Mwenye saratani ya damu hufaidika kiasi, maana ukali huohuo huwinda saratani iliyobaki. Ndugu yenu hana saratani. Atapata mateso bure. Damu ya kitovu, iliyopandikizwa mara ya kwanza Paris mwaka 1988, haina ukali huo, ila ni kidogo, huchelewa kushika na pengine isishike.

Mimi nasema uboho wenyewe, wa ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye. Mtoaji hulazwa kwa dawa ya usingizi, sindano ikavuta uboho kwenye nyonga, upande wa nyuma. Kiuno kitamuuma siku chache, na mwili utakirudisha kilichotoka. Hamwishiwi nguvu za kiume, msidanganyane. Hata mwenye mundu wa mzazi mmoja anaweza kutoa. Basi mpimwe nyote, na asiyelingana asilaumiwe.

Mwulizeni daktari pia habari ya uzazi, kwani dawa zinazoua uboho wa zamani huweza kumnyima watoto baadaye. Aulizwe kabla, si baada.

Shamba la miwa la Awendo lisigawanywe kwanza. Gharama zikizidi, liuzwe. Baba yenu nimeshamwambia.

Nyanya yenu