Bustani ya Palermo na Habari za Mchenza

Katika mji wa Palermo, ulio mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, iko bustani ya mimea ambayo mgeni aweza kuizunguka kwa siku moja. Iko karibu na stesheni ya gari la moshi, wala haiko mbali na bahari. Ilifunguliwa mwaka 1795, si kwa ajili ya matembezi tu, bali ili wataalamu waichunguze mimea na kuwafundisha wanafunzi faida zake.

Apitaye langoni asubuhi huona jumba la nguzo za mawe, lililojengwa kwa ramani ya Mfaransa Léon Dufourny. Mbele zaidi liko dimbwi kubwa la mviringo lenye mayungiyungi. Bustanini yameota pia mafunjo, yale yale aliyozoea kuyaona mtu wa Naivasha au wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mibuni, isiyovumilia baridi ya huko, hutunzwa ndani ya nyumba ya vioo.

Jua likiwa kali, mgeni hukimbilia kivuli cha mti mkubwa kuliko yote. Ni wa jamii ya mkuyu, asili yake Australia, nao uliletwa mwaka 1845. Matawi yake huteremsha mizizi hewani mpaka ifike chini; ikisha kushika udongo hunenepa na kuwa nguzo. Hivyo mti mmoja huonekana kama msitu mzima.

Lakini mti uliowafaa wakulima si huo mkubwa; ni mdogo, nao ni mchenza. Asili yake ni China. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulifika Sisilia, ukapandwa katika bustani hii, kisha ukaenea mashambani. Uwanda uuzungukao mji, uitwao Conca d'Oro, yaani Bakuli la Dhahabu, ulijaa milimau na michenza, iliyonyweshwa kwa mifereji kwa kuwa kiangazi cha huko ni kikavu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka. Tangu miaka ya 1950 hata ya 1970 mji ulipanuka ovyo. Miti ilikatwa, na mahali pake zikasimama nyumba za ghorofa. Mahali paitwapo Ciaculli, pembeni mwa mji, wako wakulima ambao hawakuing'oa michenza yao. Huko ndiko ilikopatikana, katika miaka ya 1940, aina ichelewayo kuiva. Machenza yake huchumwa tangu Januari hata Machi, wakati mengine yamepungua sokoni.

Jioni mgeni atokapo langoni, hukutana na barabara na majumba. Mche waweza kuletwa kutoka mbali na kujaribiwa katika kishamba kidogo, ukawalisha watu wengi. Bali udongo mzuri ukisha kufunikwa kwa saruji, hakuna bustani iwezayo kuurudisha.