Picha ya Saa Moja Asubuhi

Kila siku saa moja asubuhi picha iliingia WhatsApp kutoka Muheza: mashine ya presha juu ya kitambaa cha meza, namba 128 kwa 82, siku nyingine 131 kwa 80. Nami nikiwa ndani ya daladala Dar es Salaam najibu, "Hongera Mama," kisha naendelea na yangu. Karibu mwezi ulipita ndipo nikaona kwamba punje ya wali iliyoganda pembeni ya kitambaa, kila namba ileile inaporudi, iko palepale.

Zilikuwa picha tatu tu, akizizungusha. Betri za mashine zilikwisha siku nyingi.

Nilisafiri nikiwa na hasira, nakiri. Njiani ikaanza kunilegea. Huyu ndiye niliyezoea kumwambia simu janja haiwezi, nikimnyang'anya mkononi ili nimfanyie haraka. Kumbe alijua kufungua picha za zamani, kuchagua, na kukumbuka ya jana asiirudie leo. M-Pesa nayo, tangu ilipoingia nchini mwaka 2008, hakuna mtoto wake aliyemfundisha.

"Namba ikiwa kubwa hunisalimu, mwanangu," aliniambia. "Unaanza na chumvi."

Sikuwa na jibu. Nilipoupitia ujumbe wetu wa miezi yote, nilikuta namba na maagizo. Shikamoo zilikuwa chache. Nilidhani namtunza, labda nilikuwa najitunza mimi, nipate usingizi.

Asubuhi iliyofuata nilitia betri mpya, tukapima inavyotakiwa: akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila maneno, kwa kuwa kuongea nako huipandisha presha. Kabla betri hazijaisha, nilikuwa nikimpigia wakati anapima, nikimuuliza imesoma ngapi. Dakika tano za kukaa kimya na mama yangu ni ndefu. Nilisikia jogoo wa jirani, na pumzi yake.

Mashine ikasoma 158 kwa 94. Tuliandika kwenye daftari la kliniki, tukaenda wiki ileile.

Siku hizi picha huja, siku nyingine haiji. Isipokuja, kidole changu bado hukimbilia kuandika "Umepima?" Mara nyingine nimeshaituma kabla sijajizuia. Leo nilifuta, nikapiga simu.

"Shikamoo, Mama. Umeamkaje?"

Akanisimulia kuhusu mvua, kirefu.