Nilipoitwa Mwanya

Mtoto kiziwi hakuulizi jina. Anakutazama siku mbili tatu, anachagua kitu kimoja kwenye mwili wako au tabia yako, anakionyesha kwa mkono, na wenzake wakikubali, basi umekwisha kubatizwa. Mimi walinichagulia mwanya. Ncha ya kidole cha shahada kwenye meno ya juu, hapo katikati, na darasa zima linajua anayesemwa ni mwalimu. Nilipofika katika kitengo cha viziwi cha shule moja ya msingi ya Kaunti ya Kilifi nilikuwa nauonea haya mwanya wangu, nikicheka naziba mdomo. Baada ya wiki moja kazi hiyo ya kuziba niliiacha. Huwezi kuficha jina lako.

Kitengo chetu ni chumba kimoja mwisho wa kiwanja, ukishapita jikoni na kabla hujafika vyooni. Mwanzoni mwa 2020 nilikuwa na watoto 14, mdogo ana miaka 6, mkubwa 17, wote chumba kimoja na mwalimu mmoja. Walikaa nusu duara, maana kiziwi akikaa safu ya nyuma haoni ila visogo, na kisogo hakisemi kitu.

Ijumaa ya 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule za kutwa zifungwe kuanzia kesho yake. Jumatatu asubuhi nilipokwenda kuchukua daftari zangu nilikuta watano mlangoni, sare zimepigwa pasi. Redio ilikuwa imesema, televisheni imesema, majirani wamesema. Wao hakuna aliyewaambia, wala si kwa ubaya. Mama zao hawakuwa na maneno ya kuwaambia. Kunyoosha kidole kunatosha kwa kitu kilichopo. Kwa kitu kisichopo, au kitakachokuwapo kesho, au kitakachorudi siku isiyojulikana, unahitaji lugha, na lugha yao ilikuwa inaishia kwenye lango la shule.

Nikakaa nao kizingitini kuwaeleza. Ishara ya korona ilikuwa imeanza kuenea duniani: ngumi moja mbele, na nyuma yake vidole vya mkono wa pili vimetanuka kama miale. Niliwaonyesha. Mmoja akatazama juu, akapangusa kipaji cha uso, akaniuliza kama shule imefungwa kwa ajili ya jua kali. Sikucheka. Ukiitazama ishara ile vizuri, ni jua kweli.

Watoto viziwi wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtu akilisoma jambo hilo vitabuni analipita kama takwimu. Mimi nilikuja kulielewa katika miezi ile. Mtoto anayesikia, shule ikifungwa, anakosa hesabu na sayansi. Nyumbani bado ataitwa, atatumwa dukani, atagombezwa, atasikia ngano za bibi na umbea wa majirani. Wangu walikwenda kukaa katika nyumba zilizojaa watu wanaowapenda ambao hawawezi kuzungumza nao. Masomo yalipohamishiwa redioni, ujumbe ulizunguka katika kundi letu la WhatsApp kwamba kila mwalimu awahimize wazazi wawafungulie watoto redio saa za vipindi. Niliusoma mara mbili. Kisha nikajibu, kwa adabu, "Asante, wangu nitawaambia wakae karibu na spika."

Nilirekodi video fupi fupi kwa simu, ishara 5 kwa siku, nikawatumia wazazi wenye simu za kupokea. Walikuwa 4. Mama mmoja alikuwa anakwenda kwa wakala wa M-Pesa kijijini kuomba simu yake, anasimama na mwanawe barazani, wanatazama mikono yangu huku wateja wakiwatazama wao. Nilimwambia, "Mama, pole na usumbufu." Akanijibu, "Madamu, mimi nilikuwa sijui hata anavyosema maji."

Kuna mmoja sikumpata kabisa. Jina lake la ishara ni Chale, kwa alama aliyo nayo juu ya jicho la kushoto. Alikuwa na miaka 9. Baba yake alifanya kazi Mombasa, na tangu 8 Aprili kuingia na kutoka kaunti zetu za Pwani kulipigwa marufuku, basi mtoto akapelekwa kwa bibi yake upande wa Ganze, kuchunga mbuzi. Huko simu ilikuwa ya kupigia tu.

Julai 7, siku yenyewe njia za Mombasa zilipofunguliwa, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na wanafunzi watarudia. Wenzetu wa Tanzania walikuwa wamekwisha rudi darasani tangu 29 Juni. Binamu yangu anayefundisha Tanga alikuwa ananitumia picha za paredi ya asubuhi, nami nazitazama kwa kijicho. (Waganda ndio walioteseka kutushinda sote: shule zao zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022.) Walimu tuliitwa vituoni 28 Septemba. Tarehe 6 Oktoba ikatoka amri: Jumatatu ijayo, tarehe 12, warudi Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4.

Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki yake; hao ndio wenye mitihani na tathmini. Katika kitengo ikagoma. Mwalimu mkuu alinijia na karatasi akaniuliza, "Mwalimu, Gredi ya 4 wako ni wangapi?" Nilimtazama. Nina mtoto wa miaka 13 aliyeletwa shule akiwa na miaka 11, anajifunza herufi pamoja na wa miaka 6. Nina mwingine hesabu zake ni za darasa la 5 na kusoma kwake ni kwa chekechea. Yeye naye alikuwa na fomu ya kujaza, sikumwonea. Tukaandika wawili Gredi ya 4, mmoja darasa la 8. Kumi na mmoja wakabaki nyumbani.

Yule wa darasa la 8 ni Kipini. Jina alilipata kwa kipini cha puani alichovishwa na nyanya yake, na shuleni alikuwa akikivua, lakini jina halivuliwi. Asubuhi ya kurudi alikuwa wa kwanza. Langoni palikuwa na vibuyu chirizi na sabuni, na bawabu ameshika kipimajoto kile cha kuelekezwa usoni. Kipini alitii. Wale wawili wadogo waliona mtu mwenye uso uliofunikwa anawalenga kitu cha umbo la bastola, na hakuna aliyewaeleza, wakatimua mbio. Mmoja tulimkamata karibu na barabara ya lami.

Kisha nikawatokea mimi, na barakoa yangu ya kitenge. Kipini alinijia anacheka, nilijua kwa macho. Akanyanyua kidole aniite, kikafika mbele ya kitambaa kikasimama. Mwanya haupo. Akakishusha kidole, akanitazama, nami nikanyanyua changu nimwite yeye, nikagundua pua yake nayo imefunikwa. Tukasimama pale kwenye mchanga, mtu na mwalimu aliyemfundisha miaka 6, hakuna mwenye jina.

Watu hudhani lugha ya ishara ni mikono. Mikono ni nusu. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana, nyusi zinapanda. Ukiuliza nani, wapi au kwa nini, zinakunjwa. Mdomo nao una kazi yake, mara nyingine ndio unaotofautisha ishara mbili zinazofanana. Funika pua na mdomo, sentensi inabaki nusu. Wiki ya kwanza kila nilipouliza "kwa nini?" mmoja wa wale wadogo aliniuliza kama nimekasirika. Alichokiona ni ndita tu, bila mdomo wa kumwambia kwamba ni swali. Nikamkasirisha na yeye kwa kumuuliza tena na tena.

Nikaenda kwa fundi cherehani, nikamchorea barakoa yenye dirisha mdomoni, tukakata nailoni ya kufunikia vitabu. Ilikuwa nzuri kwa dakika 10. Oktoba Pwani unaijua: jasho, pumzi, dirisha likafuka mvuke, wakawa wanamtazama mtu aliye nyuma ya kioo cha bafu. Ile ngao ya plastiki ya usoni ilikuwa afadhali, ila ilimeremeta juani. Nitakiri kwamba mwisho wake nilikuwa nawatoa nje, nakaa mbali nao hatua nyingi kuliko zilizotakiwa, naishusha barakoa kidevuni. Mkaguzi yeyote angeniandika. Ningemwomba kwanza anifundishie kipindi kimoja.

Jambo ambalo sikulitegemea lilitokea kwa wanaosikia. Darasa la 8 la kawaida, wamekalishwa mbalimbali na kufungwa midomo, wakawa hawasikilizani. Mwalimu wao wa hisabati alikuwa anapiga kelele ndani ya kitambaa hadi koo likamwasha. Kipini akawafundisha tarakimu. Ndani ya wiki mbili darasa zima linahesabu kwa vidole, mwalimu anafurahi, mpaka alipogundua katika jaribio la kwanza kwamba majibu yanavuka chumba kimyakimya kutoka dirishani hadi mlangoni. Alikuja kwangu kushtaki. Nilimwambia aifundishe mikono yake kusoma.

Kipini alifanya mtihani wa mwisho wa darasa la 8, KCPE, tarehe 22 Machi 2021 na siku mbili zilizofuata. Mahali pa Kiswahili aliketi mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, kama watahiniwa viziwi walivyoruhusiwa. Lugha hiyo imetajwa katika Katiba ya 2010, na huwa nawakumbusha wazazi, kwa sababu wengi huiita "yale mambo ya mikono".

Lakini nimekwenda mbele. Wengine wote walirudi Jumatatu ya 4 Januari 2021, na vyumba havikutosha, kukawa na masomo chini ya miti nchi nzima. Sisi tulipewa mkorosho. Niseme ukweli, nusu duara chini ya mkorosho ilikuwa darasa zuri kuliko chumba chetu, isipokuwa saa nne, jua linapopenya majani na kutia madoadoa mikononi, ishara zisisomeke, tukawa tunahama na kivuli kama mbuzi.

Chale akaja siku ya tatu, ameletwa na bibi yake, miguu ina vumbi la safari. Miezi tisa na nusu. Nilimsalimu, akanitazama mikono. Nikamuuliza habari za nyumbani, akatazama tena, kisha akajibu kwa ishara ambazo sizijui: kiganja kinachopapasa tumbo, kidole kinachozunguka sikio, kupiga paja mara mbili. Nilidhani amesahau kila kitu. Bibi yake ndiye aliyeanza kunitafsiria. Kupapasa tumbo ni mbuzi mwenye mimba. Kuzungusha sikio ni yule mbuzi aliyekatwa sikio. Kupiga paja ni njoo. Walikuwa wameunda lugha, mwanamke wa miaka sabini hivi na mtoto wa miaka 9, ya maneno labda 40, wakaishi ndani yake. Zetu za shuleni nyingi zilikuwa zimemtoka. Nilimwambia bibi, "Shikamoo mwalimu," akadhani namfanyia mzaha.

Kutokana na bibi yule nilianza Ijumaa za wazazi. Miaka yote nilikuwa nafundisha watoto ishara na kuwarudisha kwa watu wasiozijua, halafu nashangaa Jumatatu kwa nini wamepoa. Nilikuwa nateka maji kwa pakacha. Walikuja mama 5 Ijumaa ya kwanza, na baba mmoja aliyekaa pembeni akijifanya anasubiri. Sasa kuna siku wanafika 20, na yule mama wa M-Pesa ndiye anayewafundisha wageni. Chumba bado ni kile kile, na mwalimu bado ni mmoja.

Na jina? Chale hakunikumbuka kwa mwanya. Aliyemkuta ni mwanamke mwenye kitambaa usoni, anayenyanyua na kukunja nyusi kupita kiasi kwa sababu ndizo zilizobaki kufanya kazi ya uso mzima. Akaweka vidole viwili vya shahada juu ya nyusi zake akazipandisha. Kipini alimkemea, akamwonyesha meno, akamwonyesha tena. Chale akakataa. Wadogo wakamfuata yeye. Barakoa zilipoacha kulazimishwa kwenye maeneo ya wazi, 11 Machi 2022, nilivua yangu mbele ya darasa na kutabasamu kwa makusudi, meno yote nje, nikingoja. Mtoto mmoja aliniuliza kama ninaumwa jino.

Naitwa Nyusi mpaka leo. Kipini ni fundi cherehani Malindi, na akija kunitembelea bado ananigusia meno.