Wati tano juu ya Longonot



Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilikatika chini ya bahari karibu na pwani ya Afrika Kusini, na sisi huku Kenya tukakaa siku kadhaa tukitazama kurasa zikifunguka kwa mwendo wa kobe. Kazi yangu ni kuandika programu, na karibu kila kitu ninachogusa kiko kwenye seva za ng'ambo. Siku hizo nilijiuliza swali moja la kitoto: mimi mwenyewe, bila kampuni yoyote katikati, ninaweza kufikisha ujumbe umbali gani?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye redio ya ridhaa, nikatafuta leseni, na Jumamosi moja ya Novemba nikajikuta napanda Longonot na fimbo ndefu mgongoni.

Redio ya ridhaa ni nini?

Wazee wetu walikuwa na redio za masafa mafupi, wakisikiliza idhaa za Kiswahili kutoka London na Ujerumani. Mawimbi yale yale bado yapo. Kuna vipande vya masafa vilivyotengewa watu binafsi duniani kote wazungumze wao kwa wao, kwa leseni, bila biashara na bila kuficha ujumbe kwa siri. Kila mmoja hupewa alama yake ya wito. Za kwetu Kenya huanza na 5Z4.

Baadhi yao wana mchezo unaoitwa SOTA, ulioanzia Uingereza mwezi Machi 2002. Unapanda mlima kwa miguu, unabeba vifaa na umeme wako mwenyewe, na ukifika juu unawasiliana na vituo visivyopungua vinne ndipo upate pointi. Gari haliruhusiwi, wala jenereta. Mimi sikuwa natafuta pointi, ila nilijiwekea kipimo hicho hicho: vituo vinne, au nirudi nyumbani bila kujisifu.

Nilichobeba

- Redio ndogo yenye nguvu ya wati 5. Balbu ya chumbani kwako huenda inakula zaidi ya hapo.
- Betri ya lithiamu ya volti 12.
- Kipakatalishi cha zamani chenye Linux.
- Waya wa karibu mita 7, ambao ni nusu ya wimbi la mita bendi 15, pamoja na transfoma ndogo ya kuunganisha.
- Fimbo ya faiba inayorefuka, ya kusimamisha waya.
- Maji lita 3. Longonot haina maji njiani, na vumbi lake la volkano linakausha koo.

Langoni askari wa hifadhi aliitazama ile fimbo akacheka. "Kijana, samaki wako Naivasha, huku juu hakuna." Nikamwambia, "Afande, hii ni ya kuvua sauti." Nilimwonyesha leseni, akaisoma yote, akaniambia nishuke kabla mvua haijafika kwa sababu njia ya kileleni huteleza vibaya.

Kupanda

Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na mwisho wake ni mkali. Ukifika ukingoni unaona msitu chini ndani ya kreta, kama bakuli la sukuma. Kilele chenyewe kiko upande wa magharibi wa mduara, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2.

Bonde hili lina historia yake ya mawasiliano. Kituo cha satelaiti cha Longonot kilianza kazi mwaka 1970, na kwa miaka mingi simu za Kenya kwenda ng'ambo zilipitia angani kutokea hapa. Mwaka 2009 nyaya za faiba zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na mzigo ukahamia huko. Nililifikiria hilo njiani. Kila kizazi kimekuwa na njia moja kubwa ya kutokea, na watu wachache walioshika ufunguo wake.

Biti 77

Saa tano asubuhi nilikuwa kileleni. Nilifunga fimbo kwenye mawe, nikainua waya, nikaweka redio kwenye megahezi 21.074. Hapo hakuna sauti za watu. Kuna mlio kama wa filimbi nyingi zilizochanganyika. Hiyo ndiyo FT8, na kwa mwandishi wa programu ni kitu kitamu sana.

FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Steve Franke na Joe Taylor. Taylor ni mwanafizikia Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa kazi yake juu ya palsa, nyota zinazotoa mawimbi ya redio. Maisha yake ameyatumia kuchomoa ishara dhaifu kutoka kwenye kelele, na ujuzi huo umeingia kwenye programu hii.

Ujumbe mzima wa FT8 ni biti 77. Linganisha na meseji moja ya simu, ambayo ina nafasi ya biti 1,120. Kwenye zile 77 huongezwa biti 14 za kukagua kama ujumbe umefika mzima, kisha 83 za kusahihisha makosa. Jumla 174. Yaani zaidi ya nusu ya kinachorushwa si ujumbe, ni bima. Zinarushwa kwa sekunde 12.64, ndani ya dirisha la sekunde 15, kisha unanyamaza umsikilize mwenzako. Saa za pande zote mbili lazima zilingane, na kwa kuwa kileleni sikutaka kutegemea mtandao, saa yangu niliichukua kwenye GPS.

Nikaanza kuita: alama yangu, na KI89, msimbo wa mraba wa ramani uliobeba Longonot.

Dakika tisa kimya. Kisha Afrika Kusini. Kisha Italia, zaidi ya kilomita 5,000 kwa wati 5, wimbi likiruka hadi tabaka la ionosfia na kurudi chini. Baada ya nusu saa, Réunion. Vitatu. Nilibaki na kimoja.

Wakati huo wanafunzi kadhaa walikuwa wamefika kileleni na kunizunguka. Msichana mmoja akasoma skrini akauliza, "Sasa si ungemtumia tu meseji?"

Nilimjibu kwamba meseji ingefika haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ingepita kwenye mnara, faiba, kituo cha data, na kampuni nne au tano ambazo kila moja inaweza kukwama au kuzimwa. Hapa kati yangu na yule Mwitaliano kulikuwa na hewa tu. Akafikiri kidogo akasema, "Lakini huwezi kumwambia kitu cha maana kwa herufi hizo." Hapo alinipata. Biti 77 haziwezi kulipa karo wala kutuma ripoti ya hospitali. Zinaweza kusema: niko hai, niko hapa, nimekusikia hivi. Siku ambayo kila kitu kimekatika, nadhani hayo ndiyo maneno ya kwanza mtu anayoyataka.

Cha nne

Kufikia saa nane wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa Mau. Wakati huo huo nikaona kituo cha India kinaita. Nikakijibu. Kikanirudishia -18, yaani ananisikia kwa shida, chini kabisa ya kelele. Nikatuma jibu la kukiri pamoja na kipimo changu. Ilibaki neno lake moja la kuthibitisha.

Badala yake akarudia -18. Maana yake jibu langu halikumfikia. Nikatuma tena. Radi ikapasua spika. Akarudia -18.

Waliosoma kompyuta wanalijua fumbo la majenerali wawili: huwezi kuwa na hakika kwamba mwenzako amepata ujumbe, hadi akuthibitishie, na uthibitisho wake nao unaweza kupotea. Darasani lilikuwa swali la mtihani. Hapa lilikuwa mtu halisi upande wa pili wa Bahari ya Hindi, akinisubiri, na mimi nimesimama karibu na fimbo ndefu kuliko kitu chochote kileleni huku ngurumo ikisogea.

Nikaishusha fimbo. Wanafunzi walikwisha kuanza kuteremka, nami nikawafuata.

Kwenye daftari langu niliandika vituo vitatu. Cha India sikukiandika, kwa sababu sheria ni pande zote mbili zikiri. Nimeipenda sheria hiyo kuliko nilivyotarajia. Kazini tunaandika mifumo inayomwambia mteja "imetumwa", kisha tunaendelea na mengine. Tangu Novemba, kila ninapoandika neno hilo kwenye skrini ya mtu, najiuliza: upande wa pili amekiri?

Ukitaka kuanza, kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ila WSJT-X, programu inayoendesha FT8, ni programu huria. Pakua msimbo wake usome sehemu ya kusahihisha makosa. Ni somo tosha hata bila mlima.

Kwa lugha ya redio, 73. Maana yake kila la heri.