Kinanda Kisichojitosheleza

Neno kinanda limesafiri sana. Hapa mwambao na visiwani lilikuwa jina la ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, iliyopakatwa na kuchezwa kwa vidole. Baadaye likaivaa santuri, kisha likaingia kanisani kuwa ogani. Leo ukilitaja mbele ya vijana, linalowajia akilini ni bao refu lenye vibonyezo vyeupe na vyeusi, waya mgongoni na umeme tumboni. Ala zimebadilika, jina limebaki.

Mimi si mpiga kinanda. Kazi yangu ni kutunga na kufasiri mashairi, nami sikuisomea darasani. Lakini nilipokwenda Mbinga, nchi ya kahawa na milima ya Wamatengo, kisha nikateremka hadi Mbamba Bay kusikiliza nyimbo za Wanyasa, nilikutana na kinanda kikuukuu kilichonifikirisha. Pwani hiyo ya ziwa, ambayo tangu 2012 imo katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, ina bendi ndogo za harusini. Moja kati yao ilikuwa ikitumia sinthesaiza ya zama za miaka ya 1980. Nembo yake ilikuwa imekwisha kufutika kwa jasho la mikono.

Vinanda vya zama zile vina tabia yake. Mashuhuri kuliko vyote ni Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983: vibonyezo 61, uzito wa kilo 14 hivi, na nafasi ya kuhifadhi sauti 32, zinazolindwa na betri ndogo iliyofichwa ndani. Betri ikifa, sauti hizo hupotea mpaka zitiwe upya. Noti zinazoweza kulia kwa pamoja ni 16. Ukibonyeza ya 17, moja ya zile za awali hukatika. Kwa hiyo mpigaji hana budi kuzitumia noti zake kwa hesabu. Msomaji wa ukurasa huu atatabasamu, kwani mshororo wa tarbia nao una mizani 16, minane ya ukwapi na minane ya utao. Imesadifu tu, lakini mtunzi anaijua hali ya yule mpigaji: ukitaka kuingiza neno jipya, lazima jingine litoke.

Upungufu mkubwa zaidi, kama ni upungufu, ni kwamba kinanda cha namna hii hakina ngoma ndani yake. Hakikupi mdundo ukibonyeza kidude kimoja. Kinaweza kuiga tarumbeta na kengele, lakini kinamhitaji mpiga ngoma na mpiga besi. Vinanda vilivyofuata vilikuja na midundo tayari, na sisi wa visiwani tunayajua matokeo yake. Katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipotamba, kinanda kilishika nafasi ya fidla, kanuni na udi, na jukwaa lililokuwa likijaa watu likapungua.

Kule Mbamba Bay mjadala ulikuwa huohuo. Kijana mpiga kinanda alinambia, "Mzee, kile kipya kina ngoma humohumo. Tungekwenda harusini wawili tu, na mgawo ungekuwa mnono."

Mpiga ngoma, mtu mzima aliyecheza mganda ujanani, alimsikia. Akamuuliza taratibu, "Na bibi harusi akichelewa kuingia, mwanangu, hiyo ngoma ya humo ndani itamwona?"

Kijana alicheka, lakini hakujibu.

Mganda wenyewe una kisa kinachotuhusu. Ni jamaa wa beni, ngoma iliyozaliwa mwambao, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za tarumbeta za kijeshi. T. O. Ranger ameieleza safari ya ngoma hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975: askari na wafanyakazi waliibeba hadi bara, ikafika Nyasa. Wasiokuwa na tarumbeta walitoboa vibuyu, wakaviwamba utando mwembamba, wakaimba ndani yake. Sauti iliyotoka haikuwa ya tarumbeta wala ya koo la mtu. Ilikuwa ya kibuyu, na kila kibuyu kilihitaji mtu wake. Kuiga kule hakukumwondoa mtu uwanjani, bali kulimwita aingie.

Hapo ndipo ninapoitofautisha mashine na mashine. Sichukii kipya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kijana yule ana watoto wa kusomesha. Kinanda kikuukuu ni kizito, vipuri vyake ni adimu, na umeme wa jenereta haukihurumii. Lakini ninapofasiri wimbo wa Kinyasa nalijaribu swali la mzee yule: je, tafsiri yangu inamwachia mwimbaji nafasi ya kumngoja bibi harusi, au nimeijaza mpaka haimtaki mtu?

Nilipoondoka shauri lilikuwa halijakatwa. Nawausia wenye vikundi, wa ziwani na wa visiwani, kwamba wanapokwenda dukani wasikipime kinanda kwa wingi wa sauti zake peke yake. Wahesabu pia ni wangapi watakaorudi nyumbani usiku ule na chochote mkononi.