Waya wa Nne

Nimenyamaza miaka mingi mno. Nilimuua minde, paa wa msituni, na watu walipokuja kumtafuta nikasema sijawahi kumwona.

Shamba letu la njegere liko upande wa Bunduki, kijiji cha Milima ya Uluguru, kwenye ardhi niliyopewa na mjomba, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Nguruwe pori walikuwa wanatumaliza. Nikachukua waya wa breki za baiskeli, nikatega matanzi 4, tena si shambani bali ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008. Mpaka nilikuwa naujua vizuri. Kisha nikaenda sokoni Nyandira na magunia yangu, mvua ikanizuia huko siku 3.

Niliporudi nilimkuta minde kwenye tanzi la pili. Manyoya meusi yenye kung'aa, kishungi chekundu kati ya pembe mbili fupi. Waya ulikuwa umekata mguu hadi mfupa, na udongo uliomzunguka ulikuwa umechimbuliwa kwa kwato. Alihangaika sana yule mnyama. Nikamfukia palepale.

Minde hapatikani nchi nyingine yoyote ila Tanzania, na hapa kwetu yuko katika misitu michache tu ya milimani. Picha ya kwanza ya minde akiwa porini ilipatikana 2003 tu, kwa kamera ya kutegeshwa kule Udzungwa. Na Uluguru ni kisiwa: msitu uko juu, mashamba na makazi yameuzunguka pande zote. Akiisha hapa, hakuna mwingine atakayevuka kutoka Udzungwa kuja kuziba pengo.

Baadaye wakaja watafiti wawili, wakanionyesha picha. "Kaka, huyu umewahi kumwona?" Nikajibu hapana, nikawakaribisha chai. Uongo ule unaniuma kuliko hata mtego. Walikuwa wanatafuta dalili yoyote, hata mfupa mmoja, nami nilijua mifupa ilipolala. Ningesema kweli, wangejua kwamba minde alikuwepo upande ule, na kwamba waya ndio unaommaliza. Niliogopa faini, niliogopa aibu.

Nimerudi msituni kung'oa nyaya zangu. Nimepata 3. Wa nne nimeutafuta mara nyingi, mimea imeshaufunika. Ukipita juu ya Bunduki ukauona, nakuomba, ukate.